Barua kwa akina mama mnaosema hamjui kucheza

Wanangu,

Kila nikikaa na mmoja wenu lalamiko ni lile lile: "Bibi, mimi sina ufundi wa kucheza na watoto. Wenzangu wanawajengea majumba ya karatasi, mimi nikirudi kazini hata mkasi siwezi kuushika." Nimechoka kumjibu mmoja mmoja. Nawaandikia nyote, niliowazaa na nisiowazaa.

Mnajitwisha mzigo usio wenu. Mtoto wa miaka miwili hatafuti mama fundi. Mpe beseni la maji kidogo, kikombe na chujio, umwone anavyomimina na kushangaa mbona chujio halijai. Wewe kaa hapo hapo ufue soksi zako. Nasema hapo hapo, si chumba cha pili, kwa kuwa mtoto mdogo huweza kuzama kwenye maji ya sentimita chache tu, tena bila kelele. Mkimaliza, maji yote yamwagwe.

Umoja wa Mataifa ulipopitisha Mkataba wa Haki za Mtoto mwaka 1989, mchezo uliwekwa katika kifungu cha 31, pamoja na mapumziko. Nilipokisoma nilikuwa nimeshazeeka, nikacheka peke yangu. Miaka yote ile nilikuwa nawaambia wangu, "Malizeni hiki kwanza, ndipo mcheze." Kumbe nilikuwa nawauzia kilicho chao.

Lakini kosa langu kubwa si hilo. Binti yangu alipokuwa na miaka mitatu na kitu aliniletea karatasi: duara kubwa, macho mawili, na miguu imeota moja kwa moja kidevuni. "Ni wewe, mama." Nami nilikuwa nimelelewa na ile methali ya samaki mkunje angali mbichi, basi nikachukua kalamu nikamkunja. Nikamchorea tumbo, mikono, vidole vitano vitano. Nikamwambia mtu huchorwa hivi. Aliitazama karatasi, akanirudishia kalamu, akasema, "Basi chora wewe." Kwa wiki nyingi baada ya hapo alikuwa akileta karatasi tupu: nichoree paka, nichoree gari. Mkono wake haukugusa kalamu.

Baadaye sana ndipo nilipojua kwamba watoto wengi huanza kumchora mtu vivyo hivyo, kichwa chenye miguu, na tumbo huja lenyewe likifika wakati wake. Kwa hiyo mkiletewa mchoro msiulize "Hii ni nini?" Swali hilo humwambia mtoto kwamba haikueleweka. Semeni, "Nisimulie," kisha mnyamaze.

Kunyamaza ndiyo kazi ngumu, najua.

Wa miezi minane hivi hana makuu. Jifunike uso kwa shuka, ujifunue, arudi kucheka kama hajawahi kukuona. Utachoka wewe kabla yake.

Ukitaka kitu cha mikono, kanda udongo wa unga: vikombe viwili vya unga, kimoja cha chumvi laini, kimoja cha maji ukiyaongeza polepole. Ukinata vidoleni, zidisha unga. Ukipasuka, nyunyiza maji. Ukitunza kwenye kopo lenye kifuniko utacheza nao siku kadhaa. Msiwaache waule, chumvi yake ni nyingi mno kwa mtoto, na yule ambaye bado kila kitu anakipeleka mdomoni asubiri kwanza. Halafu msikae mkiwaelekeza wafinyange nini. Mjukuu wangu alifinyanga nyoka kumi na mmoja mfululizo, kila mmoja na jina lake, na nilipaswa kuyakumbuka yote.

Kazi za nyumbani nazo ni mchezo mkizigeuza kidogo tu. Kukunja nguo kuwe kutafuta soksi pacha. Shuka kabla halijakunjwa lipite juu ya viti viwili, liwe pango. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, linasema mtoto wa miaka mitatu hadi minne ajishughulishe kimwili angalau dakika 180 kwa siku, 60 kati ya hizo ziwe za kutoa jasho, na kukaa mbele ya skrini kusizidi saa moja. Dakika 180 zisiwatishe. Kuruka kutoka kigae hadi kigae bila kukanyaga mstari kumo, kucheza muziki jikoni kumo, kumkimbiza anayekataa kuvaa suruali pia kumo.

Vitendawili vinafaa njiani, mikono ikiwa na mizigo. Ila mkubali sheria za miaka minne. "Kitendawili!" "Tega!" "Ni kijiko!" Ameanza na jibu. Mwambie amekushinda, akupe kingine.

Sasa niwaambie ule mchezo ninaouogopa. Siku moja binti yangu huyo huyo aliniambia, "Wewe uwe mtoto, mimi niwe mama." Nikakaa sakafuni. Akashika kiuno: "Nimeshakwambia mara ngapi? Unaniona mimi nina mikono mingapi?" Sauti ilikuwa yangu, hata namna ya kuvuta pumzi kabla ya "mara ngapi". Nikagombezwa na mimi mwenyewe robo saa nzima. Uchezeni mchezo huo wa kubadilishana nafasi mara moja moja, hasa mwishoni mwa wiki mbaya. Na siku ambayo mwili hautaki kabisa, lala chini uwe mgonjwa, wao wawe madaktari. Utapakwa dawa za maji na kufungwa bandeji za taulo, lakini utakuwa umelala.

Simu nitaigusa kidogo tu, msije mkasema bibi kaanza. Mtoto akiona inainuliwa huacha anachofanya, hukaza shingo na kutabasamu, na wazo alilokuwa nalo huenda lisirudi. Picha moja inatosha, kisha ifichwe.

Nilikuwa na mengine, lakini mjukuu amesimama mlangoni na kofia ya sufuria kichwani. Kuna karamu ya mawe na majani uani, nimealikwa, na nimeagizwa nije na kiti changu. Wa nyoka kumi na mmoja huyo huyo. Nakwenda.

Bibi yenu