Kabla ya kununua mita 18, weka moja mahali pake

Hajati mmoja wa Bombo, Uganda, alitupigia simu sisi mafundi umeme akitaka mita ndogo mpya za vyumba vyake vyote 18. "Wapangaji wananiibia, mwanangu." Hesabu aliiweka vizuri daftarini: kwa mwezi mita kuu ya Yaka, ile ya kulipia kabla, ilikula yuniti 640, na mita za vyumba zote zikijumlishwa zilikuwa 498. Yuniti 142 hazina mwenyewe.

Tulimwambia asinunue. Mita ya chumba hupima kinachoingia chumbani, kinachopotelea njiani haikioni. Angebadilisha zote 18, mwezi uliofuata angekuta pengo lilelile.

Kwake waya ukitoka mita kuu hugawanyika mara mbili: vyumba 10 vya mbele na 8 vya uani. Tukafunga mita moja tu, pale waya wa uani unapoanzia. Baada ya wiki ilisoma yuniti 81, na vyumba 8 vilikuwa vimetumia 47. Pengo la 34 kwa wiki, ukilipeleka mwezi mzima, linamaliza karibu zote 142. Mbele tukapaacha. Tulifuata waya wa uani kwa tochi hadi nyuma ya bafu, tukakuta kiungo kimefungwa kwa kavera (mfuko wa plastiki) nyeusi, na waya mwembamba umepenya tundu la ukuta kwenda kwenye friji ya soda ya kibanda cha jirani. Wapangaji waliosemwa tangu Ramadhani hawakuwa na habari.

Umeme unaopotea nchi nzima unatafutwa vivyo hivyo, ila uwanja ni mkubwa. Kuna mita kwenye kituo cha kupozea umeme, pale laini ya kilovolti 33 au 11 inapoanzia, na kuna mita ya mteja. Katikati kuna transfoma na nguzo chungu nzima. Kampuni ya Umeme ilipopokea usambazaji wa Uganda mwaka 2005, zaidi ya theluthi ya umeme ulionunuliwa ilikuwa inapotea njiani. Ilipoukabidhi kwa UEDCL, kampuni ya serikali ya usambazaji, Aprili 2025, upotevu ulikuwa umeshuka chini ya moja ya tano. Huwezi kufunga mita kila nguzo, gharama yake itazidi kinachoibiwa. Unaanza na matawi makubwa na transfoma zenye wateja wengi, unakata eneo vipande, kisha unaingia kwenye kipande chenye pengo.

Si kila pengo ni wizi, jamani. Mkondo ukiongezeka mara mbili kwenye waya uleule, joto linalopotea huongezeka mara nne, kwa hiyo waya mwembamba na mrefu unaweza kukusingizia mwizi. Na mita zisomwe zote kwa wakati mmoja: ukisoma kuu Jumatatu na ndogo Jumatano, pengo umelitengeneza mwenyewe.

Wenye mashine za kusaga pale Kisenyi, Kampala, shida yao ni nyingine. Mota inanguruma jioni, haivuti, na fundi anakuja kupima voteji chini ya transfoma. Pale lazima aikute nzuri, inashukia njiani! Kipimo cha voteji kinafungwa mwisho wa laini, kwenye mashine ya mwisho kabisa, na kiachwe hapo siku kadhaa kirekodi hadi saa za jioni watu wanapowasha kila kitu.

Sisi tunafanya kazi baada ya mita kuu tu. Waya unaotoka nguzoni hadi kwenye mita hiyo ni wa UEDCL, na anayekuambia ataugusa kwa bei nafuu ni kamyufu, fundi asiye na kibali. Fundi yeyote mwombe kwanza kibali chake cha ERA, mamlaka ya kudhibiti umeme.

Ukitaka tuje, usiku mmoja soma mita kuu na ndogo zote kwa wakati mmoja, rudia baada ya siku saba, kisha tutumie picha za namba pamoja na mchoro wa waya unavyogawanyika, hata wa kalamu kwenye karatasi ya daftari. Mara nyingi mchoro huo ndio unatuonyesha pa kufunga mita.