Ng'ombe naye apimwe kwa kilo, kama kahawa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme na madiwani, watendaji wa halmashauri na wafugaji wenzangu juu ya minada yetu ya mifugo. Nimelitumikia taifa hili kama afisa mifugo hadi nilipostaafu. Mwaka jana binti yangu, ambaye ni muuguzi huko Newtown, katika kaunti ya Powys, Wales, alinialika nikakae naye. Wengi wanaojaliwa kufika Uingereza huishia London. Mimi nilipelekwa moja kwa moja kwa wafugaji, na ninamshukuru sana mwanangu.

Powys inachukua karibu robo ya eneo lote la Wales, lakini wakazi wake ni kama 133,000 tu. Manispaa ya Moshi peke yake inawazidi. Wengi huko ni kondoo. Ukipanda treni kutoka Shrewsbury unapita Welshpool, Newtown na Caersws hadi Machynlleth, na njia nzima unaona malisho yaliyozungushiwa uzio wa miti hai, kondoo wametapakaa mpaka juu ya vilima. Miji ni midogo: barabara kuu moja, makanisa, bucha, duka la pembejeo. Kila mji una siku yake ya soko, na siku hiyo watu wa vijijini hushuka, kama watu wetu wanavyoshuka gulioni.

Machynlleth wana soko la Jumatano. Haki ya kuliendesha walipewa na Mfalme Edward wa Kwanza mwaka 1291, na mpaka leo meza zinapangwa pembeni mwa barabara kuu: jibini, mboga, mayai, nguo, miche ya maua. Wauzaji na wateja wanaongea Kiwelisi bila kumwonea haya mgeni. Llanidloes wana jengo la soko la zamani, la mbao, lililosimama juu ya nguzo katikati ya njia panda tangu karne ya 17, chini likiwa wazi ili watu wafanye biashara bila kunyeshewa. Hawakulibomoa kupisha magari. Magari ndiyo yanayolizunguka.

Lakini kilichonifanya nishike kalamu ni mnada wa kondoo wa Welshpool.

Hufanyika Jumatatu, pembeni ya mji, na ni miongoni mwa minada mikubwa ya kondoo barani Ulaya. Jirani wa binti yangu, mzee mfugaji, alinichukua kwenye gari lake alfajiri, kondoo wako nyuma kwenye tela. Tulipofika walishushwa, hereni zao za utambulisho zikasomwa kwa mashine, karatasi za safari zikakaguliwa, kisha wana-kondoo wa kuchinjwa wakapandishwa kwenye mizani kundi kwa kundi. Uzito uliandikwa kabla mnunuzi yeyote hajafungua mdomo. Mnadishaji anatembea juu ya ubao uliopita kando ya vizimba, anaita bei ya kilo moja, wanunuzi wanapandisha kwa kukonyeza au kuinua kidole. Wapo wanaoingiza mkono na kubonyeza mgongo wa kondoo kutafuta mafuta na nyama, maana jicho na mkono bado vina kazi. Kondoo jike wa kuzalisha nao huuzwa kwa kichwa, kwa kuwa thamani yao haiko kwenye kilo. Lakini mnyama wa nyama anauzwa kwa uzito, na mzee yule alijua uzito wa kundi lake kabla mnunuzi hajataja bei.

Jambo la pili: hakumfuata mnunuzi kumdai. Kampuni ya mnada ndiyo inayomlipa mfugaji, ikikata kamisheni yake, na yenyewe ndiyo inayohangaika na mnunuzi. La tatu: bei za wastani za minada hutangazwa, hivyo mfugaji wa Rhayader au Builth Wells anajua kilo imeuzwaje Welshpool kabla hajapakia wake.

Nilisimama pale nikamkumbuka baba yangu. Alikuwa mkulima wa kahawa, mwanachama wa KNCU, chama chetu cha ushirika kilichoanzishwa mwaka 1933. Nikiwa mtoto nilimsindikiza kupeleka kahawa. Ilimwagwa kwenye mizani mbele ya macho yake, kilo zikaandikwa kwenye kitabu, akaondoka na stakabadhi mfukoni. (Ajabu ni kwamba Robert Owen, ambaye mawazo yake yaliwaongoza wengi walioanzisha vyama vya ushirika Uingereza, alizaliwa Newtown hiyohiyo mwaka 1771 na kuzikwa hapo mwaka 1858. Nililizuru kaburi lake kwa heshima zote.) Kahawa tumeipima miaka yote hiyo. Ng'ombe, mwenye thamani kubwa kwa mfugaji, tunamuuza kwa kumkodolea macho!

Katika mnada mmoja niliofanyia kazi, mizani ililetwa, ikafungwa, ikaota kutu. Madalali hawakuitaka. Mfugaji aliyetembea na ng'ombe siku mbili, jua linazama na maji hakuna, anaambiwa "huyu amekonda", naye anakubali bei yoyote kuliko kurudi naye. Nimewahi kuwapima ng'ombe wa aina hiyo kwa utepe wa kifua, ule unaozungushwa kifuani mwa ng'ombe kukadiria uzito wake, baada ya kuuzwa. Tofauti kati ya makadirio ya dalali na uzito niliopata ilitosha kununua gunia la mahindi. Hasara hiyo huwapata zaidi wajane na vijana wasiojua mnada.

Najua kuna watakaosema Wales ni tajiri. Si kila kitu chao kizuri. Vijana wanahama, matawi ya benki yamefungwa katika miji kadhaa, na mwaka 2001 ugonjwa wa miguu na midomo uliitikisa Powys vibaya: minada ikafungwa, mifugo ikachinjwa na kuchomwa. Wazee bado wanasimulia kwa uchungu. Ndiyo maana hereni na karatasi za safari hazina mjadala kule, wakati kwetu hereni zilizua malumbano makubwa. Mfugaji wa Powys anavumilia hereni kwa sababu anaona faida yake mnadani siku hiyohiyo. Wetu alitakiwa kulipia hereni, kisha akauza kwa macho kama jana.

Mizani ya ng'ombe si teknolojia ya kutisha. Ombi langu kwa halmashauri ni hili: pale ambapo mizani ipo, ifanyiwe matengenezo, na ng'ombe wa nyama asinunuliwe kabla uzito wake haujaandikwa kwenye ubao ambao kila mtu anausoma. Ushuru wa mnada tunaotoza kila wiki uanze kulipia kazi hiyo kabla ya kwenda kwingine. Redio za mikoani zisome bei ya kilo kwa kila mnada kama zinavyosoma matangazo ya vifo. Na pale ambapo mizani haipo, maafisa mifugo wagawiwe utepe wa kifua, wapime bure, wamwambie mwenye ng'ombe namba yake kabla hajasimama mbele ya dalali. Kazi hiyo naiweza bado, na kamati yoyote ya mnada mkoani Kilimanjaro ikinihitaji nitakuja kwa nauli yangu.

Afisa mifugo mstaafu,
Moshi