Kwa wanachuo mnaojitolea kwenye makao ya watoto wenye ulemavu

Wanangu,

Nimesikia mmechanga tena kutoka kwenye bumu, hela yenu ya mkopo wa chuo, na Jumamosi mnapeleka sembe na sabuni makaoni. Mungu awazidishie. Ila nimefanya kazi ya ustawi wa jamii mpaka nikastaafu, kwa hiyo mnivumilie kidogo.

Sabuni hujaa stoo kila Krismasi na Idi. Kinachokwama Februari ni pampasi za watoto wakubwa, umeme wa LUKU, nauli ya kliniki na dawa za kifafa, ambazo zikikatika ghafla mtoto anaweza kupata degedege lisilokoma. Mpigieni matroni kabla ya kununua. Akisema LUKU, pelekeni LUKU, hata kama haipendezi pichani. (Na picha zenyewe acheni. Mtoto aliyetupwa akiwa mchanga atakua, na simu atakuwa nayo.)

Lakini kinachokosekana kuliko vyote ni mikono wakati wa kula. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo, ambaye misuli haimtii vizuri, anaweza kumaliza nusu saa kwenye bakuli moja la uji, na mlezi ana wengine wanaongoja. Akiharakisha, uji unapita njia ya hewa, kisha nimonia. Mwombeni mlezi awafundishe, maana kila mtoto ana namna yake: akae wima, asilale chali, kidevu kiinamie kifuani kidogo, kijiko kidogo, na msiongeze kabla hajameza. Mguu uliokakamaa msiuvute. Subirini mtaalamu wa viungo awaonyeshe.

Nendeni wawili wawili, siku ile ile, kwa mtoto yule yule. Ishirini mkija pamoja mara moja kwa muhula, mnawachosha walezi tu. Wiki za mitihani semeni mapema kwamba hamtakuja, na msimwahidi mtoto kurudi kama hamna hakika. Hata asiyeweza kusema anasubiri.

Mnaosoma sheria, kazi yenu ipo. Muulizeni matroni ni watoto gani hawana cheti cha kuzaliwa, kisha mfuatane naye kwa afisa ustawi wa halmashauri na RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi, mpaka vyeti vipatikane. Ni safari za kuchosha, na yeye hana wa kumwachia watoto.

Nanyi mnaomaliza mwaka huu, anzeni sasa kuwaleta wa mwaka wa kwanza. Wakae pembeni yenu wakati wa uji, waizoee kazi kabla hamjaondoka.

Mama yenu,
Afisa ustawi wa jamii mstaafu, Morogoro