Shoga angu wa Berlin, mzigo wa Desemba usiwe wa mtoto mmoja

Shoga angu, salaam kutoka Mingoyo, Lindi. Meseji yako ya WhatsApp nimeiona, ile unayosema unakuja Desemba na unauliza binti yako unayemfadhili huku kwetu saivi anavaa kiatu namba ngapi na kama begi la pinki bado analipenda, nikaanza kukujibu pale pale nikaona jibu linazidi kuwa refu, bora niliandike hapa hadharani maana hauko peke yako, wafadhili wapo wengi na wanaokuja kujitolea wapo wengi na maswali yao ndo haya haya. Jina lako silitaji. Ya watoto pia siyataji, ni watoto wa watu bado wadogo, wakikua watajitaja wenyewe.

Jibu fupi ni namba 33. Jibu refu ni kwamba nyumba ile ina watoto wanne na we unamnunulia mmoja.

Najua shirika la ufadhili wa watoto ndo lilivyokupangia. Nyumba moja mtoto mmoja, kila mwaka unatumiwa picha yake na barua yake, na zawadi ikija imeandikwa jina lake peke yake. Kwenye makaratasi inapendeza sana. Ila huyo mtoto haishi kwenye makaratasi, anakula sinia moja na kaka yake na dada yake na yule mtundu wao wa mwisho, usiku wanabanana chandarua kimoja, homa ikimshika mmoja wote hawalali.

Tena ngoja nikupe umbea. Ile picha ya mkorosho na bahari kwa nyuma uliyoitia fremu ukaitundika sebuleni kwako, iliyokuja na barua, hakuchora binti yako. Kachora kaka mtu. Binti yako kuchora hajui kabisa, mi ndo namfundisha naona madaftari yake, anachora ng'ombe unaanza kutafuta miguu iko wapi. Na ile hati nzuri ya barua ni ya dada mtu, mdogo alikuwa anasema maneno, dada anaandika, kitinda mimba kakaa pembeni anadai na yeye salamu zake ziwekwe. Kwa hiyo miaka yote kabla hujaja kujitolea hapa shuleni kwetu ulikuwa unaandikiana na nyumba nzima, we huna habari.

Unakumbuka ulivyofika dada mtu alikuwa hakuitikii vizuri, ukaja kuniuliza umemkosea nini? Hukumkosea kitu. Shirika lilivyopita kuandikisha watoto yeye umri ulishapita, akachukuliwa mdogo wake. Ikawa kila Jumamosi mdogo anaenda mradi wa shirika, huko kuna chai na maandazi, anarudi na daftari jipya, yeye yuko foleni bombani na ndoo mbili. Halafu anakuja mgeni kutoka Ulaya, anashuka kwenye bajaji anamkumbatia mdogo mtu peke yake, wengine anawapungia mkono. Hata ningekuwa mimi ningenuna.

Kilichomlegeza sio peremende zile. Ni nazi. Siku ile umejitia kusaidia jikoni, umekaa kwenye mbuzi miguu yote umeitupa upande mmoja, kifuu kinakuponyoka kila saa, na unakandamiza kwa nguvu zako zote mpaka unakuna na kifuu chenyewe, tui likatoka rangi ya udongo. Dada mtu alivumilia weee akashindwa, akakunyanyua, "Shangazi unatulisha vifuu!" Akakaa yeye akakuonyesha, nazi inazungushwa haikandamizwi, ukiona weupe unaanza kuingia wekundu unahama, na kiganja kinabaki nyuma ya meno ya mbuzi. Mama mtu alicheka mpaka akakaa chini. Toka siku hiyo ndo ukawa shangazi, na shangazi hawi wa mtoto mmoja, hilo hata kule kwenu nadhani mnalijua.

Kaka mtu yeye mlipatana kwenye korosho. Si unajua anauza pale stendi ya Mnazi Mmoja ya huku kwetu Lindi, basi likisimama tu la Masasi au la Mtwara anakimbilia dirishani na vipakiti vyake. Akakupeleka nyuma ya nyumba ukaone anavyobangua. Bati limetobolewa matundu, moto chini, korosho juu, zikipata joto ganda linatema mafuta yanashika moto, moshi mweusi mzito, yeye anazigeuza na mti mrefu uso kaugeuza pembeni, af anamwaga zote mchangani moto uzime. Yeye mikono kashaipaka majivu, we umevamia tu na kijiwe chako unagonga, kesho yake vidole vyeusi na ngozi inabanduka, maana mafuta ya ganda yale ni makali yanaunguza. Mama mtu akamfokea mtoto kama kamwaga sumu kisimani. Na we ukamtetea! Hapo ndo ulimpata yule kijana, sio kwingine.

Na ndo hapo hapo akakuuliza kama huko Berlin umeshamwona mjusi wetu. Kwa wasomaji wa mbali, mjusi tunamaanisha lile dubwana la Tendaguru, mifupa ya dinosaria iliyochimbwa na Wajerumani huku Lindi kuanzia 1909 hadi 1913, zaidi ya tani 200 zikabebwa na babu zetu vichwani na mabegani kwa miguu mpaka bandarini, safari ya siku kadhaa, zikapakiwa melini. Msimamizi mkubwa wa wachimbaji kule alikuwa Mwafrika mwenzetu, Boheti bin Amrani, jina ambalo watoto wetu wengi hawajawahi kulisikia. Sasa lile dubwana limesimamishwa kwenye makumbusho Berlin, urefu zaidi ya mita 13 kwenda juu, na kila baada ya muda wabunge wetu wanalisemea bungeni. We ukaona aibu, ukasema umeishi mji huo huo na hujaenda kumwona toka ukiwa mtoto. Uliporudi ukaenda, ukapiga picha umesimama miguuni pake, ukatuma. Shoga angu, hiyo picha ndo zawadi iliyofanya kazi kuliko begi la pinki! Kaka mtu aliivuta kwenye simu yangu akahesabu mbavu, kitinda mimba akataka kujua anakula nini na nani anamfungia usiku, dada mtu akauliza kwa nini wamemwacha amesimama hivyo bila hata kibao cha Lindi, binti yako akaogopa akajificha kwenye khanga ya mama. Kila mtu alipata chake kwenye picha moja.

Sasa nakuhadithia ya nyumba nyingine, siyo hapa kwetu, mfadhili alikuja na baiskeli mpya ya mtoto wake. Moja. Wiki ya kwanza kaka mkubwa anaendesha, mwenye baiskeli analia, wiki ya pili wamepigana, mama akaifungia ndani haiendeshwi na mtu, mwisho ikauzwa. Mfadhili akasikia akakasirika, akasema watu wa huku hawathamini. Mi nikasema moyoni we ndo ulileta ugomvi kwenye boksi.

Na kuna Januari. Huko mnaijua Januari ya baridi, ya kwetu ni ya sare. Ada hakuna toka 2016, kweli kabisa, lakini sare ipo, madaftari yapo, mchango wa uji upo. Mama mtu korosho zake anapeleka AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, mnada unapita, malipo yanaingia benki siku yanayotaka yenyewe, kuna mwaka shule zinafunguliwa hata senti haijasoma. Mwaka mwingine njaa ya katikati inamshinda anachukua hela ya kangomba, yaani anauza korosho zikiwa bado maua mtini kwa bei ya kutupa. Binti yako sare yake inatoka mradi, hana wasiwasi. Kitinda mimba mwaka huu kaanza darasa la kwanza na kaptula ya kaka yake imekunjwa kiunoni mara mbili, na watoto wenzie wanamcheka. Mwalimu wake namwona, anaishikilia kwa mkono mmoja anaandika kwa mwingine.

Sikwambii uwafadhili wote wanne kila mwezi, mshahara wako wa chekechea naujua ulishanionyesha ukilalamika. Hela hiyo hiyo ya kiatu cha Berlin, njoo nayo, twende wote Lindi mjini tununue kitambaa, fundi yupo pale karibu na soko anashona sare za watatu kwa siku mbili. Mpira wa ngozi uje, huo utachezewa na mtaa mzima. Kaka mtu mletee karatasi nzuri na penseli za rangi, msanii wako yule, mdai picha nyingine na safari hii aweke jina lake. Vitabu vya hadithi nunua Dar, vya Kiswahili, dada mtu atawasomea. Na ukitaka kumpa mama hela mpe mkononi mkiwa jikoni, usimpe mtoto pale stendi mbele ya wauza samaki.

Shirika likikuuliza waambie mi ndo nimekushauri, waje waniulize.

Basi panda la asubuhi, la Mtwara au la Masasi yote sawa, mwambie kondakta akushushe Mnazi Mmoja, usikubali kuteremshwa Lindi mjini halafu uanze kutafuta usafiri na mizigo. Kaka mtu atakuwepo pale pale na korosho zake. Mpe nauli ya bodaboda mzigo wote uje mara moja, na akikuambia elfu kumi anakutania.