Kiota cha bandia hakihesabu vifaranga

Ndugu Mhariri,

Ukurasa wenu wa mazingira ulieleza viota vya bandia, yaani vikapu vidogo vyenye mayai ambavyo mtafiti huviweka msituni, kuwa njia rahisi ya kujua ndege wa msituni wanafaulu kuzaa kiasi gani. Ni rahisi kweli, ila kinachopimwa ni wizi wa mayai tu. Kiota hicho hakina mama wa kumfukuza kunguru. Vilevile hakina wazazi wa kuingia na kutoka, ambao nyoka huwavizia hadi akayafikia mayai. Kifaranga kufa njaa, au kekeo, ndege anayetaga katika viota vya wengine, kutagia humo, hayo hayaonekani kabisa. Sanduku la kutagia analoingia ndege mwenyewe ni jambo jingine.

Anayetaka kuitumia njia hii asuke kikapu chenye upana wa sentimeta 10, akitandike nyuzi za makumbi, akianike nje wiki mbili harufu ya mikono iishe. Tangu hapo ni glavu na buti za mpira. Kifungwe kichakani, mita 1 hadi 1.5 kutoka chini, na kiota hadi kiota zisipungue mita 50. Utepe mwekundu usisogezwe karibu, kima na kunguru huuzoea upesi. Tia alama mti ulio mita 10 kando, uandike uelekeo wa dira.

Ndani weka yai moja la kware na moja la plastisini (udongo laini wa kufinyangia), saizi ya yai la ndege unayemchunguza. La plastisini ndilo shahidi: panya huacha mifereji miwili ya meno, ndege huacha tundu la mdomo. Lifunge kwa waya mwembamba, la sivyo mwizi ataondoka na ushahidi. Yai la kware peke yake hudanganya, kwani lina urefu wa sentimeta 3 hivi na panya mdogo hawezi kulipasua. Plastisini nayo hunuka mafuta, ikawaita panya ambao wasingekuja. Kosa la kwanza hupunguza wizi, la pili huuongeza, na bila kamera inayopiga picha yenyewe mnyama akifika hujui lipi limezidi.

Kagua kila baada ya siku 3 au 4, kwa siku 14, karibu na muda shore anaoatamia. Hesabu siku za kiota, yaani jumla ya siku ambazo kila kiota kilikuwa kizima ukikifuatilia, kama mtafiti wa ndege Harold Mayfield alivyoelekeza mwaka 1961. Kilichoporwa kati ya ukaguzi na ukaguzi kipewe nusu ya siku hizo. Viota 20 vikiporwa katika siku za kiota 400, hasara ni 0.05 kwa siku. Kupona siku zote 14 ni 0.95 kwa kipeo cha 14, yaani asilimia 49 hivi.

Asilimia hiyo isitangazwe kuwa mafanikio ya ndege. Huko milima ya Usambara Mashariki, watafiti William Newmark na Thomas Stanley walitumia viota halisi, na matokeo yao ya mwaka 2011 yalionyesha kwamba kwa spishi kadhaa viota hupona kwa shida zaidi katika vipande vidogo vya msitu. Anayepata viota halisi, hata vichache, avifuatilie sambamba, msitu uleule na msimu uleule. Vikipishana, aamini vya ndege.

Wasomaji wenu,
Muheza, Tanga