Mdogo wangu, lile shairi la mfongo

Mdogo wangu,

Tangu siku tuliyomzika Mama, uliposimama kusoma shairi lako la mfongo, ule mfereji wake wa maji, simu zangu hupokei, lakini najua huku unapita kusoma. Basi nakuandikia huku huku.

Wiki iliyopita nilikuwa nyumbani Machame. Nikafungua kabati la Mama kutafuta risiti za kahawa, nikakuta daftari lako la chuo. Kumbe ulimtafsiri yule padre Mwingereza, Hopkins. Padre, tena Mkatoliki! Unajua nilivyoyaona mashairi ya miti na ndege: kazi ya watu wanaoona haya kumtaja Mungu. Nikasoma nipate cha kukukosoa.

Anaanza kwa kumtukuza Mungu kwa vitu vyenye madoadoa. Mbingu ya rangi mbili kama ng'ombe wa mabaka, samaki wenye vidoa, mabawa ya ndege. Nikasema, haya, ndiyo nini sasa? Nikatoka nje. Tawi la kahawa mbele yangu lilikuwa na buni za kijani, za njano na nyekundu, zote pamoja. Tangu utoto nalalamika kwamba kahawa haziivi kwa mkupuo, zinaturudisha kwenye mti uleule kila mara. Siku hiyo nilikaa juu ya ndoo nikazitazama tu, mpaka wifi yako akaja kuuliza kama naumwa.

Pembeni umeandika kwamba alipokuwa anaingia utawa mwaka 1868 alichoma mashairi yake, akiona hayaendani na wito, akakaa kama miaka saba karibu bila kutunga. Chini yake umeandika jina langu. Hilo halikunifurahisha. Mimi sikuchoma kitu.

Nilikunyang'anya karatasi, basi. Ulikuwa ubeti wa pili, umesimama kwenye udongo mbichi, nikasema, "Inatosha. Tunamzika Mkristo, hatuziki mfereji." Watu wakacheka. Najua kilichokuumiza ni kile kicheko, wala si karatasi.

Lakini nawe nielewe. Mchungaji alishatazama saa mara mbili, wageni wa Rombo wana safari, na mimi ni mzee wa usharika, wote wananitazama. Jina la Yesu hujalitaja. Ningejuaje kama lilikuwa linakuja ubeti wa tatu? Ungenionyesha jana yake. Hukuniuliza, ulisimama tu.

Zaburi ya 104 nimeisoma kanisani mara nyingi, chemchemi zinapita kati ya milima, pimbi majabalini. Nilikuwa naisoma kama matangazo ya ndoa. Na maji ya mfongo wa Mama yanatoka mlima gani, kama si huu?

Karatasi yako niliitia kwenye koti jeusi, likafuliwa. Nitumie nakala. Kichwani nimebaki na mstari mmoja: "Mama aliuzibua, mfongo ukatiririka." Mzuri. Ila kipande cha pili kimezidi mizani. Nimehesabu kwa vidole mara tatu, ni tisa, cha kwanza ni nane.