Riwaya ya wakutubi wasafiri itafsiriwe kwa Kiswahili

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua ili niwasihi wachapishaji wetu waitafsiri riwaya ya The Invisible Library, ambayo mwandishi Mwingereza Genevieve Cogman aliitoa mwaka 2014 na kuifuatishia nyingine saba. Mimi ni mkutubi wa shule ya sekondari, na sijapata kusoma hadithi nyingine ya maajabu ambayo shujaa wake anafanya kazi kama yangu.

Shujaa huyo, Irene, ametumwa na Maktaba iliyo nje ya malimwengu yote akatafute nakala za vitabu zisizopatikana penginepo. Tunapokutana naye mara ya kwanza anapiga deki sakafu ya mawe katika shule ya bweni ya wavulana, akijifanya mtumishi, huku akikinyemelea kitabu alichofuata. Kisha anapelekwa katika London ya ulimwengu mwingine, ambako wanyonya damu wamo miongoni mwa mabwanyenye, akachukue nakala ya ngano za ndugu Grimm; anafika na kukuta mwenye kitabu ameuawa na kitabu kimeibwa. Kwamba naye alikwenda kukiiba ni jambo linalonisumbua hadi leo, kwa sababu maktaba ninayoijua mimi huazimisha.

Hata hivyo, kilichonisukuma kuandika ni ile Lugha ya wakutubi hao. Mkutubi akiliamuru kufuli kwa Lugha hiyo, kufuli hutii, mradi maneno yake yawe sahihi. Na kila anayeisikia huisikia kama lugha yake ya kuzaliwa. Basi ni haki gani kwamba msomaji wetu, ambaye angepaswa kuisikia kwa Kiswahili, huisikia kwa Kiingereza? Tena Kiswahili kinaiweza kazi hiyo vizuri mno, kwani tunayo fungua, fungulia na funguliwa, na tunayo funguka, neno moja linaloliachia kufuli lenyewe kazi yote bila kumtaja mfunguaji.

Wako watakaosema kwamba safari za namna hii ni mambo ya kigeni. Lakini katika Kusadikika, iliyochapishwa mwaka 1951, Shaaban Robert alisimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande zote, hata mbinguni na ardhini, wakalete maarifa ya kuifaa nchi yao, nao waliporudi wakatiwa gerezani. Mtu aliyelelewa na kitabu hicho hawezi kumwona Irene kuwa mgeni.

Shuleni kwetu tuna nakala moja tu ya The Invisible Library, tuliyopewa kama msaada. Mwanafunzi wa kidato cha pili aliiazima kwa furaha kubwa, akairudisha baada ya siku tatu, kipande chake cha karatasi kikiwa bado ukurasa wa kumi na mbili, akaniuliza kwa sauti ya chini kama ipo ya Kiswahili. Nilimpa Kusadikika, nikamwambia ile nyingine aje aniulize tena.

Wako mtiifu,
Mkutubi wa shule, Morogoro